Ngitili ya Serikali

Nina duka la dawa za mifugo hapa Bariadi, si mbali na stendi, na kwa sababu hiyo ukame huwa nausikia kabla haujatangazwa redioni. Wateja ndio hunipa habari. Mwanzoni wanataka dawa ya minyoo, maana ng'ombe anakonda na mwenyewe hataki kukiri kwamba ni njaa. Baadaye wanataka vitamini. Mwisho anaingia mtu mzima na heshima zake, anasimama mbele ya kaunta bila kusema shida yake, kisha anauliza kwa sauti ya chini kama kuna sindano ya ng'ombe asiyeweza kusimama. Sindano hiyo haipo. Wapo niliowajibu vibaya, nikawaambia dawa ya njaa ni majani, kana kwamba hawajui. Nikiona jambo nisilolipenda, linanitoka mdomoni kabla sijalipima, na nimepoteza wateja kwa tabia hiyo.

Mwaka ninaousimulia, maswali ya sindano yalianza mapema kuliko kawaida. Mvua zilikuja kwa kusuasua, pamba ikakauka ikiwa fupi, na mto ukabaki mchanga mtupu wakati ambao huwa bado una madimbwi. Lakini mtu aliyenitia hofu kuliko wateja wote hakuja kuuliza chochote. Ni baba yangu mzazi.

Baba anaishi upande wa Migato, kwenye mji, yaani boma, alioachiwa na baba yake. Nyuma ya mji ardhi inateremka mpaka kwenye korongo, na ndani ya korongo ipo chemchemi ambayo sijawahi kuiona imekauka. Eneo lote linaloizunguka ni ngitili. Kwa asiye wa kwetu nieleze kidogo: ngitili ni malisho yanayofungwa. Mvua zikianza, mwenye eneo anasema hapa pasiingie ng'ombe, na haingii, awe wake au wa jirani. Hakuna seng'enge wala ukuta. Ni neno tu, na anayelivunja ataitwa kwenye dagashida, baraza la wanaume, ambako hatoki bila kutozwa mnyama. Nyasi zinarefuka, zinakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikifika pabaya, huko nje kukiwa vumbi tupu, mwenye ngitili anawapitia majirani mji kwa mji kuwaambia siku ya kufungua. Siku hiyo wanatangulia ndama na ng'ombe wanaonyonyesha, wanafuata walio dhaifu, na madume yenye nguvu yanasubiri nyuma. Jirani mwenye shida haachwi nje. Babu alifunga na kufungua hivyo mpaka akafa, baba akashika pale pale, na sisi watoto tuliijua kalenda hiyo kabla hatujaijua ya shuleni.

Kisha ikaja ofisi ya bonde. Hii ndiyo inayosimamia maji ya mito yetu yote inayokwenda kuingia Ziwa Victoria. Wao ndio wanaosema nani achimbe kisima kirefu, nani apewe kibali cha kuvuta maji kwa pampu, na wapi pasilimwe kabisa. Makao yao yako Mwanza. Kule kijijini watu walikuwa hawaijui, na wengi walidhani maji ya chini ya ardhi hayana bosi. Walikuja na gari jeupe, wakiongozwa na dada mmoja mtaalamu wa maji, mzaliwa wa Kilimanjaro, mpole, mwenye buti za mpira na salamu nzuri. Alijifunza salamu ya Kisukuma, kusema mwadila na kujibu mhola, akayatamka kwa kupinda, watu wakampenda. Nimejaribu mara nyingi kumchukia dada yule na sijaweza.

Aliipima chemchemi, akawaeleza wazee kwamba maji yale ndiyo yanayokilisha kijito, kijito nacho kinaulisha mto, na kwamba chemchemi za namna ile zimekufa nyingi kwa kulimwa na kukanyagwa na mifugo. Sheria inataka mita sitini kutoka kwenye chanzo pasifanyike shughuli yoyote. Pale kwa baba walitaka zaidi ya hapo. Walitaka ngitili nzima iwe eneo tengefu, kwa kuwa maji yalikuwa yanatoka sehemu kadhaa za korongo.

Mkutano ulifanyika Jumapili na mimi nilikuwepo. Nilidhani wazee watakuwa wabishi, maana kwetu ukigusa ardhi ya malisho umegusa kidonda. Baba akanyanyuka, akauliza swali moja tu: mnataka pafungwe? Wakamjibu ndiyo, pafungwe. Akacheka, akasema basi hiyo si kazi, kwa sababu yeye amefunga maisha yake yote. Kila mtu akacheka, na wageni wakacheka pia. Akaweka dole gumba pale alipoonyeshwa. Siku ile ile wakaunda jumuiya ya watumia maji ya kijito kile, wakamchagua baba mwenyekiti, wakampa kofia. Aliivaa mpaka ikapauka.

Hakuna aliyemdanganya. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nikitafuta wa kumlaumu simpati. Dada wa ofisi alisema patafungwa, na kwake neno hilo lilikuwa limeishia hapo. Baba hajawahi kuona kitu kinachofungwa bila siku ya kukifungua. Kwa akili yake, ngitili ilikuwa imebadilisha mwenyewe tu. Jana ilikuwa yake, leo ni ya serikali, na mwenye ngitili ndiye anayefunga na ndiye anayekuja kutangaza siku ya kufungua. Mtu mwingine kufungua ni wizi. Kwa hiyo kiangazi kilipouma, baba hakufanya lolote. Alikaa akamsubiri mwenyewe.

Ubaya ni kwamba hakusubiri peke yake. Ng'ambo ya korongo anaishi rafiki yake wa tangu utoto, mzee mwenye ng'ombe wengi kuliko wa baba. Walichunga pamoja, wakaoa msimu mmoja, na jioni nyingi alikuwa akivuka kuja kukaa kwa baba mpaka chakula kinaletwa. Mzee huyu alitaka kuwahamisha ng'ombe mapema, awapeleke Meatu na kuendelea mbele huko, wakati bado wana miguu ya kutembea. Wengine walifikiri kuuza mnadani Mwandoya kabla bei haijaanguka. Baba akawapitia, mji kwa mji, kama alivyozoea. Akawaambia wasihame. Majani yapo, mnayaona, serikali itakuja kufungua. Rafiki yake akaahirisha safari, na kwa kuwa yeye aliahirisha, wengine nao wakaahirisha.

Akaanza kunipigia simu. Alikuwa anauliza habari za wajukuu kwanza, halafu anauliza kama nimesikia lolote huko mjini kuhusu siku. Nikaenda ofisi ya maji hapa mjini kuuliza. Kijana niliyemkuta mezani hakuelewa swali. Nilipomfafanulia akanitazama kama ninayemtania, akasema mama, chanzo kilichohifadhiwa hakifunguliwi, kinahifadhiwa. Nikatoka pale nimefunga duka siku nzima, nikapanda bodaboda mpaka Migato, na njiani niliona mizoga miwili ambayo haijachunwa. Mtu wa kwetu akiuacha mzoga na ngozi yake, ujue amekwisha kukata tamaa.

Nilimkuta baba nje ya zizi. Nikamwambia pale pale, sikungoja hata kukaribishwa kiti.

"Baba, haifunguliwi. Nimeuliza. Haifunguliwi kabisa."

"Nani amekuambia?"

"Kijana wa ofisini."

"Huyo ni karani," akasema. "Mwenye ngitili hatumi karani kusema neno kama hilo. Atakuja mwenyewe."

Nikamwambia serikali si jirani, haina ng'ombe, haijui kiangazi. Akanijibu taratibu kwamba hakuna mtu mwenye akili anayeweka chakula ili kioze, na serikali ina akili, imesomesha watu wengi. Akaongeza kwamba mvumilivu hula mbivu. Nikamwambia siku hizi mvumilivu hula mbovu. Akacheka mpaka akakohoa, akamwita mkwe wake aje asikie vituko vya mtoto wa mjini. Mimi sikuwa natania. Nilivuka korongo nikaenda kwa rafiki yake, nikamsihi ahame hata kesho. Alinisikiliza vizuri, akanipa maziwa kidogo kutoka kwenye kidogo alichokuwa nacho, kisha akasema baba yako ameshasema. Kwake ilikuwa imetosha.

Nikampigia yule dada mtaalamu. Alikuwa mbali, kwenye visima vya wilaya nyingine, na mtandao ulikuwa unakatika. Nilimweleza kwamba wazee wanasubiri. Alisema amesikitika, kwamba jambo kama hilo halimo mikononi mwake, kwamba hata hivyo alikuwa na ziara ya ukaguzi kule na angezungumza nao ana kwa ana. Nikamfikishia baba yote, neno kwa neno. Katika yote hayo yeye alichukua moja tu, kwamba anakuja.

Siku ya ziara nilitangulia kufika. Baba alikuwa amevaa koti lake la harusi na misiba. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Pembeni ya ngitili walisimama ng'ombe wa majirani wote, wamepangwa kama inavyotakiwa, ndama mbele, wanaonyonyesha nyuma yao, halafu wale waliokuwa wanapepesuka. Walikuwa wamenusa majani. Wachungaji waliwazuia kwa fimbo, na walizuilika kirahisi mno kwa ng'ombe wenye njaa vile, kwa sababu nguvu ya kusukumana hawakuwa nayo. Majani yalifika kiunoni, ya manjano, yanalia kila upepo ukipita.

Gari likafika. Dada akashuka, akayaona majani, uso ukamng'aa. Alisema hajawahi kuona chanzo kilichotunzwa namna ile katika bonde zima. Akapiga picha, akashuka mpaka kwenye chemchemi, akapanda tena akiwa na buti zilizolowa na furaha ambayo sikuwa na moyo wa kuitazama. Baba alimsubiri amalize. Kisha akavua kofia, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno kwamba watu wako tayari, na kwamba wanamngoja yeye aseme.

Dada akawatazama ng'ombe. Nadhani alikuwa amewaona kabla ya hapo na kudhani wamekuja kunywa maji. Akanitazama mimi, na hapo ndipo aliposhika kile nilichokuwa namweleza kwenye simu.

"Mzee wangu," akasema, "pale hapafunguliwi. Mwaka huu hapatafunguliwa, wala mwaka ujao. Ndivyo tulivyokubaliana."

Baba akawaonyesha ndama kwa kofia yake.

"Hata ndama?"

"Hata ndama, mzee. Ninaweza kupeleka ombi Mwanza. Lakini mimi kusema ingieni, siwezi."

Nataka ieleweke kwamba pale walikuwepo dada mmoja na dereva wake. Wachungaji wangewaachia ng'ombe, hakuna ambaye angewazuia, na kwa jinsi nilivyomwona yule dada sidhani hata angejaribu. Rafiki yake baba alikuwa anamtazama baba tu. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Nami nilisali, mimi ambaye kanisani naenda kwa kubahatisha, nilisali baba yangu avunje neno lake mara moja katika maisha yake.

Akawageukia, akawaambia kwa Kisukuma kwamba pamefungwa. Warudisheni.

Wakarudisha. Wakubwa waligeuka bila shida, ndama ndio waliopigwa ili wageuke, na sauti za fimbo zile bado ninazo. Mgeni haondoki kwetu na njaa, kwa hiyo mbuzi aliliwa. Dada alishika kipande kimoja cha nyama muda wote, hakukimaliza. Majirani hawakuja kula. Ombi lilikwenda Mwanza kweli, yeye alitimiza alichosema, na jibu lilipopatikana mvua zilikuwa zimekwisha kunyesha na hakuna aliyehitaji kulisoma.

Kuhama kulikuwa kumechelewa. Rafiki yake baba alijaribu hata hivyo, akawatoa ng'ombe alfajiri kuelekea Mwandoya. Walianza kuanguka njiani kabla hata hawajafika nusu. Waliofika mnadani hawakupata mnunuzi, maana mchinjaji gani atanunua ngozi iliyofunika mifupa. Aliporudi alikuwa na fimbo yake na ng'ombe wachache waliokuwa wakifuata nyuma bila kuchungwa. Kwa baba walikufa pia, wengi. Kila alipokufa mmoja majirani walikuja kumsaidia kuchuna, kama desturi inavyotaka, na hakuna hata mmoja aliyemwambia ni wewe uliyetuzuia. Mimi ningesema. Kama wangesema, naye angepata la kujibu, angetetea, angegomba, angeomba radhi. Walichuna, wakanawa mikono, wakaaga.

Rafiki yake aliendelea kumsalimia. Mwadila, mhola, kisha anapita. Zamani salamu hiyo ilikuwa mwanzo wa kukaa mpaka giza. Baba akaacha kwenda dagashida. Ukimuuliza anasema miguu, na miguu yake haina tatizo lolote, nimeipeleka kwa daktari mwenyewe.

Mvua iliyofuata ilikuwa nzuri. Chemchemi ilijaa, kijito kikatembea, na mtu akiniuliza kama ofisi ile ilikosea kuyalinda maji yale nitamwambia haikukosea, hata mimi mjini nayanywa ya mto huo huo. Ndani ya ngitili majani mapya yaliota katikati ya yale ya zamani yaliyolala, marundo kwa marundo, yanasubiri mtu mmoja tu mwenye kiberiti.

Ndipo ofisi iliponipigia simu. Palikuwa na sherehe ya maji hapa Bariadi, wageni wakubwa wanakuja, na wazee wenye ngitili kutoka vijiji vingine wangekuwepo. Walitaka baba asimame awe mfano, ili na wengine watoe maeneo yao. Nilidhani atakataa. Mimi ningekataa na matusi juu. Baba akaniambia nimpigie koti pasi.

Alipopewa kipaza sauti akaomba aseme kwa Kisukuma, wakampa kijana wa kuwatafsiria wageni. Sijawahi kumsikia baba akisema vizuri namna ile. Alisema maji kulindwa ni sawa, yeye hajutii. Alisema lakini nyasi zisizoliwa huja kuliwa na moto, na moto ukiingia korongoni utakula miti, na miti ikiisha chemchemi itaondoka. Alisema anayefunga anapaswa kusema siku ya kufungua, hata iwe ya ndama peke yao, hata iwe ya juma moja, lakini aiseme, ili watu wapange maisha yao. Akasema anaiomba serikali siku hiyo, mbele ya watu wote. Wazee wa vijiji walikuwa wameinama wanamsikiliza.

Kijana akakishika kipaza sauti. "Mzee anasema tutunze vyanzo vya maji kwa faida ya vizazi vijavyo."

Meza kuu ikapiga makofi, mgeni rasmi akasimama kumpa baba mkono. Wazee wa vijiji hawakupiga. Baba Kiswahili cha kipaza sauti hakimwingii vizuri, masikio yamechoka, ila makofi aliyasikia.

Baadaye nilimleta dukani apumzike kabla ya kumtafutia usafiri. Nilimpa soda. Alikaa kwenye gunia la chumvi ya mifugo, amechangamka, anaongea kama enzi zile mama yupo. Akasema nimeona mwenyewe, jambo limewekwa hadharani, wakubwa wamelisikia na hakuna hata mmoja aliyepinga. Kwenye dagashida jambo likiwekwa hivyo na lisipopingwa, limepita. Akasema kiangazi hiki watafungua.

Nilikuwa nimesikia kila neno la yule mkalimani. Nilifungua kinywa, nikamwona anavyotabasamu, nikaanza kupanga chupa za dawa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Akaniomba simu. Alitaka kumpigia rafiki yake wa ng'ambo ya korongo, amwambie mapema asije akahamisha ng'ombe wake. Nikaitafuta namba, nikabonyeza, nikampa. Simu iliita mpaka ikakata yenyewe.

"Piga tena," akasema. "Atakuwa yuko zizini."

Nikapiga tena.